Amavata: Jinsi ya Kuutambua na Kuukabili Ugonjwa Sugu wa Viungo kwa Mwongozo wa Ayurveda

Mtu akiamka asubuhi vidole vimevimba, viganja havifumbi na magoti hayakunjiki, jamaa wa nyumbani hukimbilia chupa ya mafuta. Huyapasha moto, humpaka na kumkanda, kwa imani kwamba kiungo kilichokakamaa kinahitaji kulainishwa. Ayurveda, elimu ya tiba ya Bara Hindi ambayo wengi huijua kwa mafuta na ukandaji kuliko kwa jambo jingine lolote, inaikubali desturi hiyo kwa maradhi mengi ya viungo, lakini kwa ugonjwa huu mmoja inaikataza, angalau mwanzoni. Anayetaka kufuata mwongozo wa Ayurveda kuhusu uvimbe sugu wa viungo hana budi kwanza kuielewa sababu ya katazo hilo, kwa kuwa mpango mzima wa tiba, tangu chakula hadi dawa ya kuharisha, umejengwa juu yake.

Ugonjwa wenyewe unaitwa amavata. Kati ya magonjwa yanayojulikana hospitalini, unaokaribiana nao zaidi ni ile aina ya baridi yabisi ambayo kinga ya mwili huushambulia utando wa ndani wa viungo, hasa viungo vidogo vya vidole na viganja, kulia na kushoto kwa pamoja, na ambayo huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Nasema unakaribiana, kwa sababu si kila mtu ambaye vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, atasema ana amavata atakutwa na baridi yabisi kwa kipimo cha damu, wala si kila mwenye baridi yabisi ataonyesha dalili zote za amavata. Elimu hizi mbili zilikua mbali mbali, na kuzilazimisha zilingane nukta kwa nukta ndiko kunakozaa matangazo ya dawa yanayoahidi kuponya kila kitu.

Ugonjwa wa viungo unaoanzia tumboni

Jina la amavata limetajwa kwa kupita tu katika maandishi ya zamani zaidi, lakini aliyeupa ugonjwa huu mlango wake mwenyewe ni Madhavakara, tabibu wa karne ya 7 au ya 8, katika kitabu chake cha utambuzi wa maradhi kinachojulikana kama Madhavanidana. Maelezo yake hayaanzii kwenye kiungo, bali yanaanzia kwenye mmeng'enyo wa chakula. Ayurveda inafundisha kwamba chakula huiva mwilini kwa nguvu inayoitwa agni, yaani moto wa tumbo, na kwamba moto huo ukififia chakula huachwa kikiwa hakijaiva sawasawa, kikageuka kuwa kitu kizito, chenye unata na chenye kudhuru kama sumu, ambacho ndicho ama. Madhavakara anawataja watu walio karibu na hatari hiyo: anayekula vyakula visivyopatana, mwenye moto hafifu wa tumbo, asiyeutembeza mwili, na yule anayefanya kazi ngumu mara tu baada ya kula chakula chenye mafuta mengi.

Ama ikishapatikana, huchukuliwa na vata, nguvu ya mwendo inayolinganishwa na upepo, hadi kwenye makao ya kapha, nguvu ya unyevu na uzito. Viungo ni miongoni mwa makao hayo. Huko ama huziba njia nyembamba za mwili, huleta udhaifu na kuufanya moyo uwe mzito, kisha vata na kapha zilizochafuka huingia kwa pamoja kwenye kiuno na kwenye viungo na kuufanya mwili ukakamae. Dalili za mwanzo ni maumivu ya mwili mzima, kukosa hamu ya kula, kiu, uvivu, uzito, homa, chakula kutoiva tumboni na uvimbe. Ugonjwa ukikomaa, maumivu na uvimbe huhama kutoka mikononi hadi miguuni, kwenye vifundo, magotini, mapajani na kiunoni, na mgonjwa huhisi kama anayeumwa na nge kila mahali ama inapotua. Aliyewahi kumwuguza mwenye baridi yabisi iliyopamba moto, akamsikia usiku akilalamika kwamba shuka tu ikimgusa kidole anaumia, hatauona mfano wa nge kuwa umetiwa chumvi.

Hapa ndipo sababu ya kukataza mafuta inapojitokeza. Mafuta, kwa hesabu ya Ayurveda, ni mazito na yenye utelezi, na sifa hizo ndizo sifa za ama na za kapha. Kumpaka mgonjwa mafuta wakati ama bado imejaa ni kuongeza kile kile kinachomziba, na kwa hiyo ama inatakiwa kwanza iunguzwe na kukaushwa, ndipo mafuta yaitwe kuja kuituliza vata iliyobaki.

Je, nadharia hii inathibitika maabara? Hakuna kitu kinachoitwa ama ambacho kimepimwa kwenye damu kikatambulika kwa jina hilo. Ni kweli kwamba utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha uhusiano kati ya baridi yabisi na ugonjwa wa fizi pamoja na mabadiliko ya bakteria wa utumbo, na watetezi wa Ayurveda hupenda kuushika ushahidi huo kwa mikono miwili. Kwa maoni yangu huo ni mlandano unaovutia tu. Uvutaji wa sigara, ambao ni mojawapo ya visababishi vya nje vilivyothibitika vizuri zaidi, hauna nafasi yoyote katika mlango wa Madhavakara, kwa kuwa tumbaku iliingia India miaka mia kadhaa baada yake. Nadharia ya ama na itumiwe kama ramani ya kupanga hatua za tiba ndani ya mfumo wake, wala isichukuliwe kuwa maelezo ya kinachotokea kwenye chembechembe za kinga.

Kuutenga na magonjwa jirani

Kosa linalowagharimu watu zaidi ni kuyatia maumivu yote ya viungo katika kapu moja. Ayurveda yenyewe inayagawa, na mgawanyo wake unaendana vya kutosha na ule wa hospitali kiasi cha kumsaidia msomaji wa kawaida.

Jirani wa kwanza ni sandhigata vata, ambao ndio uchakavu wa viungo wa uzeeni. Maandishi ya Charaka, tabibu wa kale wa Ayurveda, yanaeleza kwamba uvimbe wake ukiguswa huwa kama mfuko wa ngozi uliojaa hewa, na kwamba maumivu huja wakati wa kukunja na kunyoosha. Hakuna homa, hamu ya chakula ipo, na mkakamao wa asubuhi hupungua ndani ya nusu saa baada ya mtu kuanza kutembea. Katika amavata, na vivyo hivyo katika baridi yabisi, mkakamao wa asubuhi huweza kudumu saa nzima au zaidi, na mgonjwa hujisikia mgonjwa mwili mzima. Mwenye sandhigata vata hupakwa mafuta tangu siku ya kwanza na hupata nafuu. Majirani wawili wanaweza basi kuwa na magoti yaliyovimba kwa namna inayofanana machoni, mmoja akafaidika na mafuta ya ufuta na mwingine, kwa mafundisho ya Ayurveda, akazidishiwa taabu na mafuta hayo hayo.

Jirani wa pili ni vatarakta, unaofananishwa mara nyingi na jongo, ambao aghalabu huanzia miguuni na huhusishwa na damu iliyochafuka. Huo una tiba yake, na mtu asijitibu kwa makala hii akiwa kidole gumba cha mguu ndicho kilichoanza kuwaka usiku wa manane baada ya karamu ya nyama.

Ndani ya amavata yenyewe, Madhavakara anataja sura tatu ambazo vaidya huzitafuta. Kiungo kinachowaka na kuwa chekundu kina pitta, nguvu ya joto. Kinachochoma kwa maumivu makali kimetawaliwa na vata. Kizito, kilichokakamaa na chenye kuwasha kimetawaliwa na kapha. Mgawanyo huu una matumizi ya moja kwa moja, kama itakavyoonekana kwenye kukanda kwa joto.

Kutazama kama ama bado ipo

Kabla ya hatua yoyote, mgonjwa hujichunguza kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Utando mzito mweupe kwenye ulimi, kinywa kisicho na ladha, tumbo zito ingawa hajala, uchovu usioondoka hata baada ya usingizi, na kutotamani chakula ni alama kwamba ama ipo. Vitabu vya kale vinaongeza kipimo ambacho si cha kusimulia mezani: choo chenye ama huzama majini, kina unata na kina harufu kali, ilhali kilichoiva huelea, isipokuwa kikiwa chepesi mno. Alama za kuondoka kwa ama ni kinyume chake, na iliyo muhimu kuliko zote ni njaa ya kweli inayokuja kwa wakati wake.

Inafaa mgonjwa aandike kwenye daftari mambo matatu tu kila siku: mkakamao wa asubuhi ulidumu dakika ngapi, viungo vipi vilivimba, na njaa ilikuja saa ngapi. Daftari hilo litamfaa vaidya, na litamfaa daktari wa hospitali zaidi, kwa kuwa muda wa mkakamao na idadi ya viungo vilivyovimba ni katika mambo ya kwanza atakayouliza.

Mpangilio wa tiba

Chakrapani Datta, tabibu wa Bengal wa karne ya 11, aliupanga mfululizo ambao mavaidya bado wanaufuata: kuupunguzia mwili mzigo, kuutoa jasho, kutumia vitu vichungu, vikali na vyenye kuwasha moto wa tumbo, kuharisha kwa dawa, kunywa mafuta yaliyotiwa dawa, na mwisho kutibu kwa njia ya haja kubwa. Mfululizo ndio tiba yenyewe. Anayeruka hatua tatu za mwanzo akaanza na mafuta amefuata Ayurveda kwa jina tu.

Kupunguza mzigo huitwa langhana, na watu hulitafsiri kwa haraka kuwa ni kufunga. Kwa mwenye nguvu linaweza kuwa kuacha mlo mmoja, kwa kawaida wa usiku, lakini kwa aliyedhoofika ni kula uji mwepesi wa mchele, supu ya choroko isiyo na mafuta na maji ya moto kwa siku chache hadi njaa irudi. Maji hayo huandaliwa kwa kuchemsha lita moja pamoja na nusu kijiko cha chai cha unga wa tangawizi kavu hadi yabaki nusu, kisha hunywewa kidogo kidogo yakiwa vuguvugu. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge, mjamzito, mama anayenyonyesha, mzee aliyekonda na mwenye vidonda vya tumbo wasiache mlo wowote bila ushauri wa daktari. Zipo pia dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huchubua tumbo tupu, na mtu anayefunga huku akizimeza anaweza kujikuta anatapika damu.

Kutoa jasho kwa ugonjwa huu hufanywa kwa joto kavu, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni kifurushi cha mchanga. Huchukuliwa mchanga safi wa mtoni, ukachekechwa ili kuondoa kokoto, ukaoshwa hadi maji yatoke meupe, kisha ukaanikwa juani hadi ukauke kabisa, kwa maana mchanga wenye unyevu hutoa mvuke unaounguza. Hukaangwa kwenye chungu au kikaango kisicho na mafuta huku ukigeuzwa kwa mwiko, halafu vikombe viwili vyake humiminwa katikati ya kipande cha merikani kilichokunjwa mara mbili, pembe zikakusanywa na kufungwa kwa kamba juu ili kupata mahali pa kushikia. Vifurushi viwili hutosha, kimoja kikiwa kazini na kingine kikipashwa moto. Mwuguzaji hujijaribu kwanza nyuma ya kiganja chake mwenyewe, na asipoweza kukistahimili akiwa amehesabu hadi kumi, mgonjwa naye asikiguse. Kisha hukibonyeza juu ya kiungo kwa upole na kukiinua, bila kusugua, akihama kiungo hadi kiungo kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano, katika chumba kisichopitisha upepo. Jasho likitoka hufutwa kwa kitambaa kikavu, na mgonjwa haogi maji baridi baada ya hapo.

Joto hili halimfai kila mtu. Kiungo chekundu kinachowaka, kile chenye pitta, huachwa bila joto, na katika hilo Ayurveda na wataalamu wa tiba ya viungo wa leo wanakubaliana, kwa kuwa joto huweza kuuchochea uvimbe mkali. Vivyo hivyo huachwa mwenye homa, mwenye ngozi iliyochubuka, mjamzito, mgonjwa wa moyo, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi na hawezi kutambua kwamba anaungua.

Hatua ya kuharisha ndiyo inayobeba dawa mashuhuri kuliko zote za amavata, nayo ni mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya mnyonyo. Bhavamishra, mwandishi wa karne ya 16, anasema amavata ni tembo anayezurura katika msitu wa mwili, na mafuta ya mbarika ni simba anayemwua peke yake. Kisichotajwa mara kwa mara ni kwamba haya ni mafuta ya kunywa, na hunywewa pamoja na maji ya tangawizi kavu yaliyochemshwa au mchemsho wa mizizi kumi uitwao dashamula, baada ya ama kuanza kulainika na si kabla yake. Kiasi hupangwa na vaidya kwa kutazama nguvu za mgonjwa na wepesi wa tumbo lake. Hayafai kuwa kinywaji cha kila siku kwa wiki nyingi, kwa sababu kuharisha kunakoendelea huondoa maji na chumvi mwilini, na mjamzito asiyaguse kabisa kwa kuwa yanaweza kuamsha uchungu wa uzazi. Kwa kuwa mbarika huota wenyewe kando ya njia na kwenye viwanja vitupu vya Afrika Mashariki, onyo moja lazima litolewe bila kuficha: mbegu zake zina sumu kali iitwayo risini, na mtu akizitafuna anaweza kufa. Mafuta ya dukani yaliyokamuliwa kwa matumizi ya dawa ni salama kwa sababu sumu hiyo hubaki kwenye machicha. Mtu asijikamulie nyumbani.

Tiba ya njia ya haja kubwa, basti, sitaieleza kwa vipimo, maana haifanyiki nyumbani. Inatosha kujua kwamba ile inayotumika zaidi kwa amavata, vaitarana basti, ina ukwaju, sukari guru, chumvi ya mawe, mkojo wa ng'ombe na mafuta kidogo, na kwamba hospitali za Ayurveda za India huifanya chini ya uangalizi wa madaktari waliosomea shahada ya miaka mitano na nusu.

Mafuta ya kupaka hurudi mwishoni, ulimi ukiwa safi, njaa ikiwa imerejea na uvimbe umetulia lakini maumivu makavu na udhaifu wa misuli vimebaki. Yakianza kutumiwa, hutumiwa kidogo, yakiwa vuguvugu, kwa kiungo kimoja au viwili, na asubuhi inayofuata mgonjwa hujitazama. Uzito na mkakamao vikiongezeka, huyaacha na kurudi kwenye mchanga.

Chakula

Orodha za vyakula za vitabu vya baadaye vya Ayurveda zina mvuto wa pekee kwa msomaji wa Kiswahili, kwa sababu sehemu kubwa ya vilivyomo inapatikana sokoni kwetu. Vinavyokatazwa ni mtindi, samaki, sukari guru, maziwa, nderema, dengu nyeusi ambazo Wahindi huziita urad, na vyakula vizito vya unga wa kukandwa, ambavyo kwetu tungevihesabu pamoja na mandazi na chapati. Katazo zito zaidi huangukia kuchanganya, na mfano maarufu wa vyakula visivyopatana ni samaki na maziwa katika mlo mmoja. Vinavyoruhusiwa ni shayiri, mchele uliokaa ghalani mwaka mmoja au zaidi, majani na maganda machanga ya mlonge, karela, tangawizi na kitunguu saumu. Uchungu wa karela hauondolewi kwa kuitia chumvi na kuikamua, kama wapishi wengi wafanyavyo, kwa kuwa huo uchungu ndio unaotafutwa.

Orodha hizi zifuatwe kwa kipindi cha ama, yaani wiki chache, na si kwa maisha yote. Samaki wenye mafuta, kama vile sadini, wana aina ya mafuta ambayo tafiti za kisasa zimeona inapunguza kidogo maumivu ya baridi yabisi, na sioni sababu ya mtu wa pwani kuwaacha moja kwa moja. Awaache wakati tumbo ni zito, na akirudi kwao asiwale pamoja na maziwa ikiwa anataka kuufuata mwongozo. Aliye kwenye dawa za steroidi, zile dawa kali za hospitali za kushusha uvimbe, naye anahitaji kalsiamu na protini ili mifupa na misuli visiliwe na dawa, kwa hiyo maziwa na mtindi asiviondoe kwa muda mrefu bila kupata badala yake.

Mengine ni ya mwenendo: kutolala mchana baada ya kula, kutokesha usiku, kutozuia haja, kutokaa penye upepo wa baridi, kula kwa wakati mmoja kila siku. Hayahitaji maelezo marefu.

Dawa za kutengenezwa, na mahali pa kuwa macho

Dawa za dukani zinazotolewa zaidi kwa amavata ni za familia ya guggulu, utomvu wa mti mdogo wa miiba unaoota katika maeneo makavu ya Rajasthan, Gujarat na Sindh, na ulio ndugu wa karibu wa mti wa manemane. Simhanada guggulu, kwa mfano, huchanganya utomvu huo na matunda matatu ya triphala, salfa iliyosafishwa na mafuta ya mbarika. Mti wenyewe umevunwa kupita kiasi hadi umeingizwa katika orodha ya spishi zilizo hatarini sana kutoweka, jambo linalowashawishi wafanyabiashara wasio waaminifu kuuchanganya na utomvu mwingine. Guggulu pia hupunguza kiasi cha dawa za moyo kama propranololi na diltiazemu kinachoingia kwenye damu, na anayezitumia amwambie daktari kabla ya kuanza.

Guduchi, mtambaa unaojulikana pia kama giloy, huwekwa katika michemsho mingi ya viungo, ukiwemo ule wa rasna. Mwaka 2021 madaktari wa India waliripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kuutumia kwa wingi wakati wa janga la korona, na wengine wao walionyesha dalili za kinga ya mwili kulishambulia ini. Mgonjwa wa baridi yabisi ana kinga ambayo tayari imepotoka, na mara nyingi anameza methotreksati, dawa ya hospitali ya kuituliza kinga hiyo, ambayo nayo hulielemea ini, kwa hiyo kwa maoni yangu dawa hii aiache, hata kama vaidya wake anaisifia.

Zipo pia dawa za tawi la rasashastra, zinazotengenezwa kwa madini yakiwemo zebaki na risasi. Watengenezaji hudai kwamba kuchomwa mara nyingi huondoa sumu. Uchunguzi wa bidhaa za Ayurveda zilizouzwa katika eneo la Boston nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, uliona kwamba 14 kati ya 70 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki kwa viwango vya kutia wasiwasi. Asiye na njia ya kupima anachonunua na asinunue dawa yoyote ambayo jina lake linaanza au kuishia na neno rasa, bhasma au sindura.

Hatari ya mwisho haina uhusiano na Ayurveda ya kweli, ila hujivika vazi lake. Unga au kidonge cha asili kinachoondoa maumivu ya miaka mitano ndani ya siku mbili, kikampa mtu hamu kubwa ya kula na baadaye uso wa mviringo uliojaa, kina uwezekano mkubwa wa kutiwa steroidi kwa siri. Mtu aliyekitumia kwa wiki kadhaa asikiache ghafla, kwa sababu mwili unaweza kuishiwa nguvu kiasi cha kuhatarisha maisha. Akipeleke hospitali pamoja na kifungashio chake na apunguziwe taratibu. Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili watoa tiba, na kumwomba mtu akuonyeshe cheti chake cha usajili si utovu wa adabu.

Kwenda pamoja na hospitali

Madhavakara alitoa hukumu ya wazi kuhusu mwisho wa ugonjwa: wenye nguvu moja iliyochafuka hutibika, wenye mbili hudhibitiwa tu bila kuisha, na ulioenea kwa uvimbe mwili mzima ukiwa na zote tatu ni mgumu kutibu. Hakuahidi uponyaji kwa wote, na vaidya anayeahidi leo amepita mipaka ya kitabu chake.

Utafiti wa kulinganisha uliofanyika Coimbatore, kusini mwa India, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwagawa wagonjwa 43 wa baridi yabisi katika makundi matatu: la Ayurveda, la methotreksati na la zote mbili, bila mgonjwa wala mpimaji kujua nani anapata nini. Baada ya wiki 36 makundi yote yalikuwa na nafuu inayokaribiana. Wapenzi wa Ayurveda huutaja utafiti huo kila mahali, lakini hawataji kwamba watafiti wenyewe waliuita wa majaribio, kwamba watu 43 ni wachache mno kutegemewa, na kwamba dawa walizopewa zilipangwa na mavaidya waliobobea kwa kila mgonjwa peke yake, tofauti kabisa na kununua kopo dukani.

Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni kwamba baridi yabisi huanza kula mfupa na gegedu mapema, mara nyingi katika miaka miwili ya mwanzo, na kwamba kiungo kilichokwisha kupinda hakinyooki tena kwa dawa ya aina yoyote. Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe wa viungo vidogo uliodumu zaidi ya wiki sita aende kwanza kupimwa damu, yaani vipimo vya RF na anti-CCP vinavyosaidia kuitambua baridi yabisi, na vya uvimbe wa mwili, kisha mwongozo wa Ayurveda wa chakula, mchanga na mpangilio wa siku uje juu ya dawa za hospitali, usizitoe. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki na si kila siku, pamoja na asidi ya foliki, na kipimo cha ini na cha chembe za damu hurudiwa kila baada ya wiki chache mwanzoni, halafu kila baada ya miezi michache. Siku ya kipimo mgonjwa abebe kila kopo, kila karatasi ya unga na kila chupa ya mchemsho anayotumia, aviweke mezani kwa daktari, na asione haya hata akikaripiwa. Kiungo kimoja kikivimba ghafla kuliko vingine vyote, kikawa cha moto na mgonjwa akatetemeka kwa homa, mchanga, tangawizi na mbarika vyote huwekwa kando na mtu hupelekwa hospitali siku ile ile, kwa kuwa huenda usaha umeingia ndani ya kiungo.